Kondoo Waliofichua Homoni za Majani

Soya ililetwa Tanganyika na Wajerumani mwaka 1907, ikajaribiwa Amani, milima ya Usambara. Leo imeota mizizi Nyanda za Juu Kusini. Kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kimetoa hata mbegu yenye jina lake, Uyole Soya 1. Watoto wa Mbeya na Iringa wanainywa kwenye uji wa lishe, na mashudu yake yanalisha kuku na nguruwe. Ndiyo maana maneno yanayozagaa, kwamba soya ina homoni za kike, hayafai kupuuzwa wala kupokelewa kwa hofu. Yana chanzo, na chanzo chake ni zizi la kondoo.

Miaka ya 1940, kondoo wa Australia Magharibi waliolishwa klova, mmea wa jamii ya kunde, waliacha kushika mimba. Waliozaa walizaa kwa taabu, wengine vizazi vikatoka nje. Hata madume yaliyohasiwa yalitoa maziwa! Watafiti Bennetts, Underwood na Shier waliandika habari hiyo mwaka 1946.

Siri ilikuwa tumboni. Klova ina formononetini, ambayo yenyewe ni dhaifu sana. Vijidudu vya tumbo la kwanza la kondoo huigeuza kuwa daidzeini, iliyomo pia kwenye soya, kisha ekwoli, na ekwoli ndiyo inayoiga estrojeni, homoni ya kike, kwa nguvu. Tumbo hilohilo huivunja jenisteini, estrojeni nyingine ya mimea, mpaka ikaisha makali. Basi kupima kilichomo kwenye jani hakutoshi. Sharti ujue nani amelila. Ng'ombe hula klova ileile akadhurika kidogo kuliko kondoo.

Mwaka 1987 ikawa zamu ya duma. Mtafiti Kenneth Setchell na wenzake walikuta soya katika chakula cha duma wa bustani za wanyama Marekani, waliosumbuliwa na ini na ugumba. Wanne walipobadilishiwa wakapewa kuku, maini yao yalipata nafuu.

Kwa binadamu, ni kati ya theluthi na nusu tu ya watu wanaotengeneza ekwoli wakila soya, ilhali panya wa maabara karibu wote huitengeneza. Anayemtisha mama wa Mafinga au Tukuyu kwa matokeo ya kondoo na panya anamwonea.

Mfugaji wa nguruwe ayaangalie zaidi mahindi. Ukungu wa Fusarium, unaostawi kwenye baridi na unyevu kama wa Nyanda za Juu Kusini, hutoa zearalenoni, nayo huiga estrojeni. Nguruwe jike akivimba uke bila kuwa kwenye joto, kikaguliwe kwanza chakula chake.