Bakteria wa matumbo na upishi wa samaki

Bakteria wa matumbo huingia kwa kinywa, huzaliana utumboni na kuleta kuhara, homa au vyote viwili. Nchini Tanzania wanaojulikana zaidi ni Vibrio cholerae, wa kipindupindu. Salmonella Typhi, wa homa ya matumbo. Na Shigella, wa kuhara damu.

Bakteria hao huenezwa pia na mafuriko. Kilosa, mkoani Morogoro, ni wilaya inayopitiwa na mto Mkondoa ambao maji yake huishia mto Wami. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulibomoa tuta, ukaharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Mafuriko ya namna hiyo huchanganya maji ya vyoo na ya visima, na perege na kambale huogelea humo humo. Samaki haugui kipindupindu, lakini vibrio huweza kukaa kwenye magamba na matumboni mwake. Ndiyo maana kazi ya hatari zaidi ni kuparua na kupasua, wala si kula.

Moto huwaua bakteria hao. Nyama ya perege au sangara, iliyoshikana, huwa na ung'avu ikiwa mbichi. Ikifikia nyuzi 70 za Selsiasi ndani kabisa hugeuka nyeupe pe na kuachana na mfupa yenyewe. Samaki mnene akitiwa kwenye mafuta makali huwahi kuwa kahawia nje huku karibu na uti bado mbichi, hivyo huchanjwa ubavuni kwanza. Ndimu huondoa shombo. Kazi ya moto haiiwezi.

Desemba 1997, kipindupindu kikiwa kimeenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Minofu ya sangara wa Ziwa Victoria ikakosa soko hilo hadi mwaka uliofuata, ingawa Shirika la Afya Duniani lilishikilia kuwa hatari ya chakula cha kuagizwa ni ndogo. Lilikuwa na hoja: minofu hupikwa kabla ya kuliwa.

Kachumbari haipikwi. Nyanya na vitunguu vikikatwa kwa kisu kilichopasulia samaki, juu ya ubao ule ule, au vikioshwa kwa maji ya kisima yasiyotibiwa, bakteria hufika mezani wazima, hata kama samaki aliye kando yake ameiva sawasawa.