Dhahabu ya Namoya na Maendeleo ya Watu: Mfano wa Salamabila

Tangu Umoja wa Mataifa ulipotoa ripoti yake ya kwanza ya maendeleo ya binadamu mwaka 1990, hali ya nchi haipimwi tena kwa mapato pekee, bali pia kwa elimu na umri wa kuishi. Mwaka 1993 mwanauchumi Richard Auty alieleza umaskini wa nchi zenye madini kuwa ni laana ya maliasili. Je, laana hiyo imo katika mali yenyewe, au katika njia inayopitia? Historia ya Salamabila, wilayani Kabambare, kusini mwa Maniema, inasaidia kujibu.

Kabla ya dhahabu palikuwa na pembe za ndovu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Kasongo ulikuwa mji mkuu wa biashara ya Tippu Tip, na pembe zilibebwa na wapagazi hadi pwani. Jeshi la Dhanis lilipouteka mji huo mwaka 1893, pembe ziligeuziwa njia, zikaelekea magharibi. Bwana alibadilika, mwenyeji alibaki mpagazi.

Chini ya Wabelgiji dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, ilichimbwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1997 kampuni ya Banro ya Kanada ilipata mkataba na serikali, uliosamehe kodi kwa miaka 10 tangu kuanza kwa uzalishaji.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliagiza asilimia 25 ya mrabaha ipewe jimbo, na asilimia 15 ipewe mamlaka ya mahali panapochimbwa. Lakini Namoya ilifuata mkataba wake, si sheria hiyo. Wakati huohuo vilima kama Mwendamboko, vilivyokuwa karo na dawa kwa familia za wachimbaji wadogo, viliingia katika eneo la kampuni. Hivyo wenyeji walipoteza riziki ya zamani kabla ya kupata fungu jipya. Kutokana na manung'uniko hayo kundi la Mai-Mai Malaika lilipata wafuasi. Mwaka 2019 kampuni ilisitisha kazi kwa kukosa usalama, na mwaka 2020 mgodi ukauzwa kwa kampuni ya Baiyin ya China.

Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 2.5 hadi 3.5, ikatenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa ajili ya jamii za wenyeji, na ikatamka kwamba inawahusu wenye leseni wote. Hata hivyo, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Laana, basi, haimo katika mwamba. Imo katika daftari ambalo mwenyeji wa Salamabila hajawahi kufunguliwa alisome: dhahabu kiasi gani ilipimwa, mrabaha gani ulilipwa, na darasa gani lilijengwa.