Fimbo ya Haki na Nafasi ya Wazee: Funzo Kutoka Bugendana

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuutazama usemi huo kwa macho ya historia, tukiwa Bugendana, mkoani Gitega, katikati ya Burundi. Swali letu ni hili: mzee huzeeka vyema kwa kulishwa na kuvishwa tu?

Jibu la Warundi wa kale limo katika neno lao umushingantahe (wingi, abashingantahe). Kitenzi gushinga ni kusimika kitu ardhini. Intahe ni fimbo ya haki. Hawa walikuwa wapatanishi wa mlimani, maana Warundi huishi kwa milima, si kwa vijiji. Umri peke yake haukutosha. Mtu alichunguzwa kwa miaka, kisha akaapishwa mbele ya watu huku pombe ikinywewa. Hivyo kila aliyezeeka katika daraja hilo alikuwa na kazi: kuamua kesi za mipaka, mirathi na ndoa. Hatusemi mfumo ulikuwa kamili. Wanawake, kwa mfano, hawakupewa fimbo.

Utawala wa Wabelgiji ulipunguza mamlaka ya baraza hilo, na serikali zilizofuata baada ya uhuru wa 1962 zikaliingiza katika siasa. Kisha vikaja vita vya 1993. Bugendana ikawa na kambi ya wakimbizi wa ndani, na tarehe 20 Julai 1996 watu zaidi ya 300 waliuawa humo, wengi wao wanawake na watoto. Siku tano baadaye jeshi lilimrudisha Pierre Buyoya madarakani.

Tufikirie mzee aliyenusurika katika hali kama hiyo. Hana shamba karibu, wanawe wameuawa, na jirani aliyekuwa akimsuluhisha sasa anamwogopa. Chakula cha msaada kitamshibisha, lakini nani atamwita kuamua neno?

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulitaka abashingantahe warejeshewe heshima yao. Hata hivyo, sheria ya komini ya 2010 haikuwapa tena nafasi waliyotambuliwa katika ile ya 2005. Shughuli za mlima zikabaki kwa madiwani wa kuchaguliwa. Kura ni jambo jema, ila haichunguzi tabia kwa miaka.

Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tuna la kufanya. Neno letu mzee hubeba umri na heshima kwa pamoja, lakini heshima ya mdomoni bila kazi ni shikamoo ya kupita njiani. Tunapokwenda kukusanya methali na istilahi, tusimfanye mzee ghala la maneno tu. Tumuulize pia shauri, tumrudishie tulichoandika, naye asahihishe. Hapo atakuwa amepewa tena fimbo yake.