Mwaminifu wa Wapi? Haiba, Mazingira na Hoja ya Mischel

Mwaka 1928 Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya udanganyifu miongoni mwa maelfu ya watoto wa shule nchini Marekani. Majaribio yao yalikuwa ya mtego. Mtoto alifanya mtihani, karatasi yake ikanakiliwa kwa siri, kisha akarudishiwa pamoja na majibu sahihi ili ajisahihishie mwenyewe. Aliyebadili jibu alijulikana. Katika jaribio jingine alipewa kisanduku cha mafumbo chenye sarafu ndani, na baadaye kisanduku kikakaguliwa kuona kama sarafu zote zimerudi. Lau uaminifu ungekuwa sifa moja anayotembea nayo mtu kila aendako, mwizi wa majibu angekuwa pia mwizi wa sarafu. Haikuwa hivyo. Uwiano kati ya jaribio la aina moja na la aina nyingine ulikuwa wastani wa 0.23 tu.

Miaka 40 baadaye Walter Mischel aliuchukua ushahidi huo, pamoja na mwingine wa namna hiyo, akawatolea changamoto wanasaikolojia wenzake. Katika kitabu chake cha 1968 alionyesha kwamba uwiano kati ya alama za dodoso la haiba na mwenendo halisi wa mtu haukuzidi 0.30 ila kwa nadra. Kwa hesabu ya kawaida ya takwimu, hiyo ni takriban asilimia 9 ya tofauti zilizopo kati ya watu. Wakati huo wananadharia wa sifa walikuwa wamejenga mengi. Gordon Allport na Henry Odbert walikwisha kuchambua kamusi ya Kiingereza mwaka 1936 na kupata maneno karibu 18,000 ya kuwaeleza watu. Raymond Cattell akayapunguza, na waliomfuata wakafikia sifa kuu tano zinazotawala upimaji hadi leo. Haishangazi kwamba wengi walimsoma Mischel kwa hasira, wakidai kwamba amesema haiba haipo.

Majibu yalikuja, na mawili yana uzito. Mwaka 1979 Seymour Epstein alionyesha kwamba tendo moja ni kipimo dhaifu cha chochote, lakini ukikusanya matendo ya siku nyingi na kuchukua wastani, mtu huanza kufanana na nafsi yake. Mwaka 1983 David Funder na Daniel Ozer wakakokotoa upya nguvu ya mazingira katika majaribio mashuhuri, yakiwemo ya Stanley Milgram kuhusu utii, wakapata uwiano wa karibu 0.40. Kumbe mazingira, yaliyosifiwa kwa uwezo wa kumgeuza mtu, hayakuizidi haiba kwa kiasi kikubwa.

Hata hivyo, jibu la Epstein linanitia shaka. Wastani huokoa takwimu kwa kumpoteza mtu. Mfikirie mfanyakazi aliye mnyenyekevu mbele ya mkurugenzi na mkali kwa mfagiaji. Wastani utamwita mtu wa upole wa kadiri, na hakuna yeyote ofisini aliyewahi kumwona mtu huyo. Anachokijua mfagiaji ni ile tofauti yenyewe, na tofauti hiyo haibadiliki Jumatatu wala Ijumaa.

Mischel mwenyewe alifika huko, akiwa na Yuichi Shoda na Jack Wright. Katika kambi ya kiangazi ya Wediko, New Hampshire, waliwafuatilia watoto wenye matatizo ya tabia kwa wiki kadhaa, wakiandika mtoto anafanya nini akichokozwa na mwenzake, akikaribiwa kwa wema, akisifiwa, akionywa au akiadhibiwa na mtu mzima. Watoto wawili waliweza kulingana kwa jumla ya ugomvi wao, mmoja akilipuka anapochokozwa na wenzake, mwingine anapoonywa na mkubwa. Mpangilio huo wa kila mtoto ulijirudia. Hapo ndipo ilipo haiba, kwa maoni yangu: katika uthabiti wa kubadilika kwake.

Msimamo huu unamdai msomaji akubali jambo ambalo George Kelly, mwalimu wa Mischel katika Chuo Kikuu cha Ohio State, alilisisitiza: mazingira ni yale mtu anayoyasoma. Onyo lilelile kwa mtoto mmoja ni msaada, kwa mwingine ni dharau. Freud angetafuta chanzo cha usomaji huo katika migogoro ya utotoni, Skinner katika historia ya malipo na adhabu (ingawa neno “usomaji” lisingempendeza hata kidogo), na Rogers katika picha aliyonayo mtu juu ya nafsi yake. Wananadharia wa sifa hawaulizi. Wanahesabu, na hata hesabu hiyo ina mipaka: uchambuzi wa Amber Thalmayer, Gerard Saucier na wenzao uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu maneno ya haiba katika Kimaasai na katika Kisupyire cha Mali haukuzipata sifa tano zikijipanga barabara.

Kwa nini basi dodoso la sifa linaendelea kutawala ofisi za ajira? Si kwa sababu lilishinda hoja. Dodoso hujazwa kwa dakika chache na kusahihishwa na kompyuta, ilhali Wediko ilihitaji watazamaji waliofundishwa, wakiwa na kalamu mkononi, kiangazi kizima. Mwajiri anayetaka kujua nani wa kukabidhiwa funguo za ghala ananunua wastani, kisha anaushangaa upotevu uliotokea mahali ambapo wastani haukuwahi kupimwa.