Mlango wa Hospitali

Wahenga wetu walisema ya kuwa mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wazi: mtu aliyeshikwa na maradhi hana haja ya kuhojiwa, haja yake ni kuhudumiwa. Walakini, msomaji, zimekuwako nchi ambazo mgonjwa aliulizwa kwanza rangi ya ngozi yake, ndipo akaambiwa kama kitanda kipo au hakipo. Nataka tutazame pamoja mji mmoja wa Marekani, uitwao Greensboro, katika jimbo la North Carolina, tuone jinsi mlango wa hospitali ulivyofungwa, na jinsi ulivyofunguliwa.

Fahamu kwanza kwamba Wamarekani Weusi, ambao wengi wao ni wazao wa watumwa waliovushwa bahari kutoka Afrika, ni wachache katika nchi yao. Hata miaka ya 1960 majimbo ya kusini yaliwatenga shuleni, mikahawani na garini. Hospitali nazo zilifuata desturi hiyo: baadhi hazikuwapokea kabisa, na nyingine ziliwalaza katika wodi za kando. Mwaka 1946 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Hill-Burton, iliyoitwa kwa majina ya maseneta wawili walioileta, ili Serikali Kuu isaidie kujenga hospitali nchini kote. Sheria hiyo ilikuwa na ndimi mbili. Kwa ulimi wa kwanza ilikataza ubaguzi. Kwa wa pili iliruhusu watu watengwe, mradi kila kundi liwe na huduma zilizo sawa. Basi kodi ikatozwa kwa watu wa rangi zote, ikajenga nyumba ambazo baadhi ya waliolipa hawakuruhusiwa kuingia.

Greensboro palikuwa na hospitali mbili zilizopata fedha hizo, Moses Cone na Wesley Long, na kila moja ilipokea zaidi ya dola milioni moja. Wesley Long haikupokea mgonjwa mweusi hata mmoja. Moses Cone ilipokea wachache, lakini kwa sharti zito: madaktari weusi hawakuruhusiwa kufanya kazi humo, hivyo mgonjwa alilazimika kumwacha tabibu wake mlangoni. Watu weusi walibakiwa na hospitali yao ndogo, L. Richardson, iliyofunguliwa mwaka 1927, ambayo mara nyingi ilikuwa imejaa.

Katika mji huo aliishi daktari wa meno mweusi, jina lake George Simkins. Hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Mwaka 1955 yeye na wenzake walikamatwa kwa kosa la kucheza gofu katika uwanja wa mji uliotengwa kwa watu weupe. Siku moja alijiwa na mgonjwa mwenye jipu kwenye gego. Uso umevimba, na homa imempanda. Mtu huyo alihitaji kulazwa upesi. Simkins aliomba kitanda L. Richardson, akaambiwa angoje zamu. Akaomba katika zile hospitali mbili kubwa, akakataliwa. Hapo ndipo alipojiuliza swali dogo lenye matunda makubwa: je, fedha zilizojenga nyumba hizi zimetoka wapi? Alipochunguza, akaona zimetoka katika hazina ya umma, yaani katika mfuko ambao yeye na mgonjwa wake walikuwa wakiutia senti zao.

Tarehe 12 Februari 1962 watu kumi na mmoja walikwenda mahakamani: matabibu sita, madaktari wa meno watatu na wagonjwa wawili. Hospitali zilijitetea kwamba zilikuwa mali ya watu binafsi, na kwamba Katiba huifunga serikali, haimfungi mtu katika nyumba yake. Jaji wa kwanza alikubali hoja hiyo, na mwezi wa Desemba mwaka huo kesi ikatupwa. Hawakukata tamaa, wakakata rufani. Tarehe 1 Novemba 1963 majaji watatu dhidi ya wawili waliamua ya kuwa anayepokea fedha za umma na kushika nafasi katika mpango wa serikali anafanya kazi ya umma, wala hawezi kuwabagua wananchi. Ule ulimi wa pili wa sheria ya mwaka 1946 ukakatwa. Mwezi wa Machi 1964 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufani ya hospitali, na hukumu ikasimama.

Lakini usidhani, msomaji, kwamba milango yote ilifunguka siku ile. Hata baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, hospitali nyingi ziliendelea na desturi zao. Kilichozigeuza ni mpango wa Medicare, unaowalipia matibabu wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Mpango huo ulianza tarehe 1 Julai 1966, na hospitali iliyobagua haikupata malipo yake. Wakaguzi walitumwa kutazama kwa macho yao nani amelala wodi gani. Kwa muda usiofika miezi minne, hospitali zipatazo elfu moja ziliacha ubaguzi. Yaliyoshindikana kwa kusihi yaliwezekana mkoba ulipofungwa. Na faida yake ilikuwa uhai: katika jimbo la Mississippi vifo vya watoto wachanga weusi, hasa vya kuhara na nimonia, vilipungua sana katika miaka iliyofuata.

Huenda ukauliza, habari za Greensboro zatuhusu nini sisi? Zatuhusu, kwa kuwa hospitali kubwa ya Kenyatta, mjini Nairobi, ilianza mwaka 1901 ikiwa hospitali ya wenyeji yenye vitanda 40, katika mji ambao Wazungu walikuwa na hospitali yao mbali. Tofauti ni kwamba hapa waliotengwa walikuwa wengi; kule walikuwa wachache, wasingeweza kushinda kwa wingi wa kura peke yake. Silaha yao ilikuwa kuuliza swali la haki, na kulishika lisiwaponyoke.

Mwaka 2016 hospitali ya Moses Cone iliomba radhi hadharani mbele ya Alvin Blount, tabibu aliyekuwa wa mwisho kubaki hai miongoni mwa wale waliodai. Alikuwa na miaka zaidi ya tisini. Radhi ni jambo jema, lakini haimrudishii mtu siku za maumivu. Wala kazi haijakwisha: hata leo mama mweusi wa Marekani yumo katika hatari ya kufa kwa sababu ya uzazi takriban mara tatu kuliko mama mweupe. Mlango uko wazi, lakini kuingia si kuhudumiwa sawa.

Nawe utakapokuwa mtu mzima, ukaona kundi dogo la watu likingojeshwa nje ya nyumba iliyojengwa kwa fedha za wote, likumbuke gego la mgonjwa yule. Uliza alivyouliza Simkins. Na ukijibiwa vibaya, uliza tena.