Nani Ajue Kwanza

Nyanya yangu, kule Shela ya Malindi, hakuhitaji mkojo wa mtu. Alitazama tu nani anaziba pua samaki wakikaangwa, nani anasinzia mchana, nani ghafla hakai bila ndimu na chumvi. Kufika jioni ua mzima ushajua, mara nyingine kabla ya mwenyewe.

Alikuwa akipatia sana. Lakini dalili hizi si za mimba peke yake, na pwani yetu ina malaria. Nikiwa darasa la saba, binti wa jirani alitapika wiki nzima na wanawake wakamkatia kesi. Ilikuwa malaria. Alipona, ila shule hakurudi. Maneno yalimtangulia langoni.

Ndiyo maana historia ya kipimo hunigusa. Mnamo 1930, Lancelot Hogben alikuwa Cape Town akichunguza homoni kwa kutumia chura wa huko. Kazi hiyo ikazaa kipimo: chura jike akidungwa mkojo wa mjamzito, hutaga mayai ndani ya siku moja hivi. Maelfu walisafirishwa hadi Uingereza. (Maskini chura, safari yote hiyo kwa siri isiyo yake!) Na jibu lilimwendea daktari kwanza, sio mwenye mkojo.

Mwaka 1967 Margaret Crane, mchoraji katika kampuni ya dawa huko New Jersey, aliona vichupa vya vipimo maabarani akajiuliza kwa nini mwanamke asijipimie nyumbani. Wakubwa wake hawakutaka kusikia. Hatimaye kipimo chake kiliuzwa Kanada 1971, Marekani 1977. Haki zake aliziachia kwa dola 1, na hata hiyo hakuiona.

Kijiti unachonunua leo duka la dawa Kilifi mjini hutafuta homoni ile ile iliyomtagisha chura, hCG. Huanza kutoka mimba ikishajishikiza kwenye mfuko wa uzazi, kwa hivyo ukipima siku tatu baada ya kulala na mtu umetupa pesa. Ngoja siku zako zipite, tumia mkojo wa asubuhi. Kikikataa na hedhi bado, rudia baada ya wiki. Ukiona damu, au tumbo likikukata upande mmoja, usingoje kijiti, nenda hospitali.

Mimi nilipima mlango nimeufunga, nikakaa na jibu langu siku nne ndipo nikamwambia nyanya. Akacheka. Alijua tangu Jumatatu. Safari hii hakuwa amemwambia mtu.