Sindano za Bugala

Wasimuliao habari za ridhaa ya mgonjwa, yaani haki yake ya kuelezwa jambo kabla hajatendewa na ya kulikataa akitaka, aghalabu huzianzia Nuremberg mwaka 1947, walipohukumiwa matabibu wa utawala wa Hitler. Na kijana asomaye utabibu Kampala au Dar es Salaam huikariri tarehe hiyo kana kwamba kabla yake hapakuwa na dhulma iliyotendwa wala sheria iliyoandikwa. Kwa watu wa nchi za Maziwa Makuu habari hiyo ina chimbuko la karibu zaidi, nalo ni Bugala, kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote miongoni mwa visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria, ambako mwaka 1906 alipiga kambi Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Ujerumani, aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu kabla ya hapo kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Ugonjwa uliompeleka huko ulikuwa malale, ambao Waganda waliuita mongota, na ambao tangu mwaka 1901, matabibu Albert Cook na nduguye Jack walipoutambua katika hospitali ya Mengo, ulikuwa ukiteketeza vijiji vya mwambao wa ziwa na visiwa vyake, hata makadirio ya miaka ile yakawaweka waliokufa kuwa zaidi ya 200,000. Watafiti Castellani na Bruce, wakifanya kazi Entebbe, walikuwa wamekwisha bainisha kufikia mwaka 1903 kwamba chanzo chake ni kijidudu kikaacho mwilini, na kwamba mchukuzi wake ni mbung'o. Walakini dawa haikuwapo, na aliyeshikwa na malale aila yake ilianza kumlilia angali hai. Koch alianzia Amani katika milima ya Usambara, akaja Mwanza, kisha kwa idhini ya Waingereza akavuka hadi Sese, mahali penye wagonjwa tele.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mgonjwa alipapaswa shingo, kisogoni na kandoni, kutafuta tezi zilizovimba. Tezi ikapatikana, ikadungwa sindano tupu, na majimaji yaliyotoka yakawekwa juu ya kipande cha kioo na kutazamwa kwa hadubini. Na kijidudu kikionekana kikijinyonganyonga humo, basi mtu huyo aliandikwa daftarini na kuanza kupigwa chini ya ngozi sindano za atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya aseniki. Kipimo cha kwanza kilikuwa nusu gramu, siku mbili mfululizo, na kurudiwa baada ya siku kama 10. Tezi zilinywea, vijidudu vikatoweka machoni pa wataalamu, na Koch akawa na matumaini makubwa hata akailinganisha atoksili na kwinini ya malaria. Habari zikaenea, na wagonjwa wakaja kwa mitumbwi kutoka bara na visiwa vya jirani, zaidi ya 1,000 kwa jumla. Lakini vijidudu vilirejea, naye akapandisha kipimo hata kufikia gramu nzima. Maumivu yakazidi, baadhi ya watu wakatoroka, na miongoni mwa waliobaki 22 wakapofuka, upofu usioponyeka. Hesabu hiyo haikutungwa na mahasimu wake. Ni yeye mwenyewe aliyeitoa katika taarifa zake.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na ndipo jambo lenyewe linapochoma. Miaka sita kabla ya Bugala, tarehe 29 Desemba 1900, waziri wa Prussia, dola mojawapo ndani ya Ujerumani, alitoa waraka kwa wakuu wa hospitali akikataza kumfanyia mtu yeyote jambo la kitabibu lisilo la uchunguzi wa maradhi yake, la tiba wala la chanjo, ikiwa mtu huyo ni mtoto au hana uwezo wa kuamua, au ikiwa hakutoa ridhaa iliyo bayana baada ya kuelezwa madhara yawezayo kumfika. Waraka huo ulizaliwa na fedheha ya Albert Neisser, mwanazuoni wa Breslau, ambaye mwaka 1892 aliwadunga wanawake, wakiwemo makahaba, maji ya damu ya wagonjwa wa kaswende pasipo kuwaambia, baadhi yao wakaugua, magazeti yakapiga kelele, bunge likauliza, na mwisho yeye akatozwa faini. Basi dola aliyotoka Koch ilikuwa imekwisha kiri kwa maandishi kwamba mwili wa mtu una mlango, na kwamba tabibu sharti abishe hodi.

Atakayemtetea Koch atasema waraka ule uliwahusu walio katika hospitali za Prussia, si Bugala iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Atasema pia kwamba haukugusa tiba, na kwamba yeye alikuwa akitibu. Nayakubali yote mawili. Lakini pale tabibu anapoongeza sumu maradufu apate kujua itafika wapi, katika watu wasio na pa kushtaki, tiba na majaribio vimekwisha kuwa kitu kimoja, na hoja ya kwamba hakuna sheria iliyovunjwa ndiyo shutuma iliyo nzito kuliko zote. Neisser alikuwa na magazeti na bunge la kumwandama. Wagonjwa wa Bugala hawakuwa na chochote cha namna hiyo.

Koch alirudi kwao mwaka 1907, akiwa ameshauri wagonjwa wakusanywe kambini, wakatengwe na mbung'o na watu wazima wa afya. Kambi moja ya namna hiyo ilijengwa na Wajerumani huko Kigarama, katika nchi ya Kiziba, kaskazini ya Bukoba, na inapendeza kujua kwamba watu wa Kiziba hawakukaa humo kama mizigo ghalani: walikuja walipoona faida, wakaondoka walipoona adha, wakaikatalia sindano walipoichoka. Ridhaa waliitwaa kwa miguu yao. Upande wa Uganda, Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu wa mwambao, na wenyeji wa Sese nao hatimaye wakaondolewa visiwani mwao.

Ujerumani iliandika kanuni pana zaidi tarehe 28 Februari 1931, safari hii zikigusa tiba mpya pia, baada ya watoto wachanga zaidi ya 70 kufa Lübeck kwa chanjo iliyochanganyika na vijidudu vikali vya kifua kikuu. Na kanuni hizo hazikuzuia yaliyofanywa katika kambi za Hitler. Kisha ikaja Nuremberg, na mwaka 1964 Azimio la Helsinki juu ya maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu.

Ikhtilafu ilirudi ziwani mwaka 1997. Tangu mwaka 1994 ilijulikana kwamba dawa ya AZT, ikitolewa kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa, humkinga mtoto asiambukizwe virusi vya Ukimwi na mamaye. Na bado katika majaribio ya dozi fupi iliyo nafuu, Kampala na Dar es Salaam zikiwemo, baadhi ya kina mama walipewa vidonge visivyo na dawa. Matabibu wa Marekani Peter Lurie na Sidney Wolfe walilaani jambo hilo hadharani. Dakta Edward Mbidde wa Uganda akajibu kwamba utafiti ule ni wa Waganda wenyewe, kwa ajili ya Waganda, wala si wa kuamuliwa na wageni. Naona alisema neno ambalo mwaka 1906 hapakuwa na mtu wa Bugala aliyepewa nafasi ya kulisema, nalo lina uzito. Lakini halikumjibu mama aliyepewa kidonge kitupu. Vidonge hivyo vilisimamishwa mwaka 1998, baada ya matokeo ya Thailand kuonyesha kwamba dozi fupi yapunguza maambukizo kwa nusu.

Mwaka 2000 Azimio la Helsinki liliongezewa sharti kwamba utafiti ukiisha, kila aliyeshiriki apate tiba bora iliyothibitishwa nao. Mwaka 2008 idara ya dawa ya Marekani ikaacha kudai Azimio hilo lifuatwe katika majaribio ya nje ya nchi hiyo, ikatosheka na kanuni za utendaji bora ambazo hazina sharti hilo. Kwa sababu hiyo dhima imewaangukia wajumbe wa kamati za maadili za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, ambao yawapasa, kabla ya kutia saini kibali, kuuliza nani atawapa dawa walioijaribu, kwa miaka mingapi, na nani atamlipa aliyedhurika, kisha waliandike jawabu katika kibali chenyewe.